Kutoa unyevu nyumbani: namba za kanuni za England na namna ya kuzifikia

Feni ya bafuni ikiunguruma, wengi huridhika kwamba hewa inatoka. Mlio hauthibitishi kitu. Feni inaweza kulia vizuri huku bomba lake limebonyea darini, limetuama maji, au limeishia juu ya sufi ya kuhami joto bila kufika nje. Kanuni za ujenzi za England zinataka kujua feni inatoa lita ngapi kwa sekunde, hewa ya kufidia inaingilia wapi, na inapita wapi katikati ya nyumba. Pa kuingilia, pa kupitia, pa kutokea: kimoja kikiziba, viwili vilivyobaki havina kazi, hata kama fedha nyingi zimetumika.

Kanuni zenyewe ni Building Regulations 2010, na Sehemu F ndiyo inayohusu hewa. Mwongozo wake ni Approved Document F, toleo la 2021, ulioanza kutumika tarehe 15 Juni 2022. Juzuu ya kwanza ni ya nyumba za kuishi. Hapa tutauita Hati F. Unyevu unaojificha ndani ya paa, ukuta na sakafu unashughulikiwa na Approved Document C, tutakayoiita Hati C. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina miongozo yao, kwa hiyo usizihamishe namba hizi kuvuka mpaka bila kuangalia.

Kwa nini ukuta unatoka jasho

Hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba kama gramu 9.4 tu, na kwenye nyuzi 0 haifiki gramu 5. Mvuke uliozidi hapo lazima utue mahali, na hutua penye baridi zaidi.

Chukua chumba chenye nyuzi 20 na unyevuanga (mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na wote inaoweza kubeba) wa asilimia 60. Hewa yake ina gramu 10 na kidogo kwa mita ya ujazo. Ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo, matone yanatokea. Usiku wa nyuzi 0, uso wa ndani wa dirisha la kioo kimoja hushuka mpaka nyuzi 5 hivi. Kioo maradufu cha zamani hubaki kwenye 12 au 13. Ukuta mzito wa matofali wa mm 220 usio na kihami joto huwa kwenye 14 au 15. Ndiyo maana dirisha hulia kwanza na ukuta unaonekana salama.

Unaonekana tu. Kuvu haingoji matone. Unyevuanga wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 kwa siku kadhaa, kuvu inaota. Kwa hewa ileile ya asilimia 60, hali hiyo inafikiwa ukuta ukiwa na nyuzi 15 na nusu hivi. Unapitisha kiganja, unakuta pakavu, na nyuma ya kabati pameshaanza vidoa vyeusi. Pembe za chumba huwa na baridi kuliko katikati ya ukuta, na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani joto la chumba halifiki kabisa. Acha nafasi ya mm 50 kati ya samani na ukuta wa nje, na kama unaweza, weka kabati kwenye ukuta wa ndani.

Watu hufunga madirisha siku ya mvua wakiamini hewa ya nje italeta unyevu. Hebu tupige hesabu. Hewa ya nje yenye nyuzi 5 na unyevuanga wa asilimia 90 ina gramu 6 hivi tu za mvuke. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, unyevuanga wake unashuka hadi asilimia 34 hivi. Hewa ya kipupwe, hata mvua ikinyesha, ni kitambaa kikavu cha kufutia maji. Majira ya joto hali ni nyingine, hasa kwenye vyumba vilivyo chini ya ardhi: hewa ya nje yenye joto na unyevu ikigusa ukuta wa baridi huko chini inaweza kuulowesha.

Maji yenyewe yanatoka kwa wenye nyumba. Mita moja ya ujazo ya gesi ikiungua jikoni inazaa lita moja na nusu hivi ya maji. Lita moja ya mafuta ya taa kwenye hita isiyo na dohani inazaa zaidi ya lita moja ya maji, na yote hubaki chumbani. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kwenye mashine, ukianikwa ndani, huachia kama lita 2. Mtu aliyelala hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Wawili kwa saa 8 wametoa zaidi ya nusu lita, tena mlango umefungwa.

Hakikisha kwanza ni jasho, si uvujaji

Feni haitibu bomba linalovuja. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote nne kwa tepu, uache siku moja au mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea pande zote mbili, una kazi mbili.

Angalia na umbo la doa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari mlalo, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni, wenye chumvi nyeupe. Uvujaji hukua baada ya mvua na huwa na duara lenye ukingo wa kahawia. Jasho hupenda pembe, kingo za dirisha na nyuma ya samani, na huzidi kipupwe. Kuvu nyeusi na chumvi nyeupe hazikai pamoja mara nyingi, kwa hiyo chumvi ni dalili nzuri ya kukupeleka kutafuta maji kwingine.

Namba unazotakiwa kufikia

Kwa nyumba yenye feni za kuwashwa na kuzimwa, Hati F inataka kila chumba cha maji kitoe angalau:

- jiko (chumba chenyewe), kinyonya moshi kikiwa juu ya majiko ya kupikia na kinatoa hewa nje: lita 30 kwa sekunde
- jiko, feni ikiwa kwingine chumbani: lita 60 kwa sekunde
- chumba cha kufulia: lita 30
- bafu: lita 15
- choo: lita 6

Tazama tofauti ya jikoni. Feni iliyo mbali na majiko inadaiwa mara mbili, kwa kuwa mvuke umeshatawanyika kabla haijaupata. Na kinyonya moshi kinachochuja hewa kwa mkaa na kuirudisha chumbani hakihesabiki hata kidogo: kinapunguza harufu, maji yanabaki palepale. Ni kosa la kawaida mno kwenye majiko mapya, nalo linaumiza kwa sababu mwenye nyumba amelipa na anaamini amekingwa. Kama mtengenezaji hakutoa kipimo chake, kinyonya moshi kikae mm 650 hadi 750 juu ya majiko.

Feni zinazozunguka kutwa kucha zinadaiwa kidogo zaidi kwa kila chumba, kwa sababu hazipumziki: jiko lita 13, chumba cha kufulia 8, bafu 8, choo 6, hivi vikiwa vya chini kabisa feni ikiwa kwenye mwendo wake wa juu. Lakini jumla ya nyumba ina sharti lake: lita 19 kwa sekunde kwa chumba kimoja cha kulala, 25 kwa viwili, 31 kwa vitatu, 37 kwa vinne, 43 kwa vitano, na isipungue lita 0.3 kwa kila mita ya mraba ya sakafu yote ya ndani. Chukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Mfano: nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, mita za mraba 85. Kwa eneo, 85 mara 0.3 ni lita 25.5. Kwa vyumba, ni 31. Kwa hiyo 31 ndiyo inayokubana. Ukijumlisha jiko 13, bafu 8 na choo 6 unapata 27 tu. Umepungukiwa lita 4. Pandisha jiko hadi 15 na bafu hadi 10, choo kibaki na 6. Mafundi wengi huishia kwenye namba za chumba kimoja kimoja na kusahau jumla, kisha mkaguzi anairudisha kazi.

Pa kuingilia: matundu ya dirishani

Feni haiwezi kuvuta hewa kutoka kwenye chupa iliyozibwa. Nyumba yenye feni za kuwashwa na kuzimwa inahitaji matundu madogo yanayokaa wazi wakati wote, mara nyingi kwenye fremu za madirisha. Nyumba yenye ghorofa juu inadaiwa milimita za mraba 8,000 kwa kila chumba cha kulala, sebule na jiko. Isiyo na ghorofa juu inadaiwa 10,000, kwa kuwa haina kimo cha kuisukuma hewa. Bafu ni 4,000. Nyumba yenye chumba kimoja cha kulala iwe na matundu yasiyopungua manne, yenye zaidi ya kimoja iwe na matano. Jiko na sebule vikiwa chumba kimoja, weka angalau matatu humo.

Namba hizo si upana wa tundu unaopima kwa rula. Ni eneo linganifu, yaani kipimo cha maabara cha hewa inayopita kweli baada ya kupunguzwa na wavu, kona na kifuniko. Limeandikwa kwenye tundu lenyewe au kwenye karatasi ya bidhaa. Tundu la dirishani la kawaida lina kama 2,500 hadi 5,000, kwa hiyo chumba kimoja cha kulala huenda kikahitaji mawili, na dirisha dogo lisiwe na nafasi. Fanya hesabu hii kabla ya kuagiza madirisha. Baada ya fremu kufika imebaki kutoboa tundu ukutani.

Yaweke juu, kama mita 1.7 kutoka sakafuni, ili baridi isimpige mtu aliyekaa. Likimpiga atalibandika tepu wiki ya kwanza, na mkaguzi hatakuwepo kuliona.

Ukibadilisha madirisha ya nyumba ya zamani, usiiache na hewa kidogo kuliko ilivyokuwa. Fremu za zamani zilipitisha upepo kwenye nyufa zake, mpya zinakaba. Madirisha ya zamani yakiwa na matundu, mapya nayo yawe nayo. Yakiwa hayana, na nyumba haina mfumo wa feni wa kudumu, njia iliyo rahisi kukubalika ni kuweka 8,000 kwa vyumba vya kukaa, vya kulala na jiko, na 4,000 kwa bafu.

Kwa feni za kutwa kucha mambo yanageuka: 4,000 kwa kila chumba cha kukaa au kulala, na vyumba vya maji visiwe na matundu kabisa. Ukiweka tundu bafuni, feni itavuta hewa ya dirisha lililo karibu yake na kuacha vyumba vya kulala vikinyong'onyea.

Mbali na matundu, kila chumba cha kukaa au kulala kiweze kubadilisha hewa yake mara 4 kwa saa unapotaka kuitoa haraka. Dirisha linalofunguka nyuzi 30 au zaidi liwe na eneo la uwazi lisilopungua sehemu ya 20 ya sakafu; linalofunguka kati ya 15 na 30, sehemu ya 10. Chumba cha mita za mraba 12 kinahitaji uwazi wa 0.6 kwenye dirisha la kwanza na 1.2 kwenye la pili. Linalofunguka chini ya nyuzi 15 halihesabiki. Kifaa kilichofungwa dirishani lisifunguke sana kwa usalama wa watoto kinaweza kukuondoa kwenye hesabu hii bila wewe kujua.

Pa kupitia: chini ya mlango

Kila mlango wa ndani uachiwe uwazi wa milimita za mraba 7,600, ambao ni mm 10 juu ya sakafu iliyomalizika kwa mlango wa upana wa mm 760. Sakafu ikiwa bado haijatandikwa, acha mm 20. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika kimyakimya: fundi wa mlango anaacha mm 10 juu ya zege, wa zulia anakuja wiki mbili baadaye na kuujaza wote. Kata kipande cha mbao cha unene wa mm 10, ukipitishe chini ya kila mlango baada ya zulia kutandikwa. Kikikwama popote, mlango unatolewa na kukatwa.

Pa kutokea: feni na bomba lake

Weka feni juu kadiri inavyowezekana, isizidi mm 400 chini ya dari, mbali na mlango ili hewa ivuke chumba kizima kabla ya kutoka.

Kama unatokea moja kwa moja ukutani, feni ya kawaida ya panga inatosha. Toboa kwa drili yenye kikombe cha mm 117 au karibu na hapo kwa bomba la mm 100, na uelekeze tundu lishuke kidogo kwenda nje. Weka pima maji ndani ya bomba uone povu linavyokaa. Bomba likiinamia ndani, mvua na jasho vinarudi kwenye mota. Ziba pembeni mwa bomba ndani na nje. Kinachofunika nje, kiwe wavu au vibapa, kiwe na uwazi usiopungua asilimia 90 ya uwazi wa bomba. Bomba la mm 100 lina milimita za mraba 7,850 hivi, kwa hiyo kifuniko chako kisishuke chini ya 7,070. Vifuniko vingi vya bei rahisi havifiki hapo.

Kama bomba linapita darini, feni ya panga mara nyingi inashindwa. Haina nguvu ya kusukuma dhidi ya urefu na kona. Tumia feni ya kubeba shinikizo, ya aina ya gurudumu au ya kukaa katikati ya bomba. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa bila bomba lolote. Ikiwa imeandikwa kwa mita za ujazo kwa saa, gawanya kwa 3.6: 85 kwa saa ni lita 23.6 kwa sekunde, na baada ya mita tatu za bomba laini lililolegea huenda isifike hata zile 15.

Tumia bomba gumu kila inapowezekana. Bomba laini la mikunjo libaki kwa vipande vifupi vya kuunganishia, likivutwa mpaka mikunjo inyooke. Likilegea, kila mkunjo unakwaruza hewa. Likining'inia kati ya boriti mbili, linatengeneza tumbo. Panda darini kwenye nyumba yenye tatizo, shika tumbo hilo kwa mkono: utalikuta zito, na ukiliinua kidogo utasikia maji yakikimbia ndani. Nusu ya njia imezibwa na maji, na mengine yanadondokea kwenye feni au kwenye dari, ambako mwenye nyumba anaona doa la kahawia na kumwita fundi wa paa.

Bomba lote linalopita mahali pa baridi livikwe kihami cha angalau mm 25. Lililolala liinamie kidogo upande wa nje. Linalopanda wima kutoka paani liwe na kikusanya maji chenye mrija wa kuyatoa. Liishie nje kabisa, kwenye kofia ya paa au ukuta. Kuliachia chini ya vigae, au kulielekeza kwenye matundu ya ukingo wa paa, ni kuhamisha unyevu kutoka bafuni kwenda kwenye mbao za paa.

Bafu lisilo na dirisha la kufunguka linadaiwa feni inayoendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa. Sisi tunashauri 30, na hesabu ni hii: bafu la mita 2 kwa 2.2, kimo 2.4, lina mita za ujazo 10.6. Lita 15 kwa sekunde kwa dakika 15 ni mita za ujazo 13.5, yaani hewa imebadilika mara 1.3 tu. Hewa mpya huchanganyika na ya zamani, kwa hiyo zaidi ya robo ya mvuke bado imo, na vigae vilivyolowa vinaendelea kuongeza. Usiku mtu akiona kelele zinamsumbua, nunua feni tulivu; usipunguze dakika.

Umeme wa bafuni una masharti yake kwa umbali kutoka beseni na kimo. Mwachie fundi umeme mwenye usajili, na feni iwe na swichi yake ya kuikata peke yake.

Jambo la uhai: nyumba yenye jiko la kuni au makaa, au boila ya gesi inayovuta hewa ya chumbani na kutoa moshi kwa dohani iliyo wazi, usiongeze feni kabla fundi aliyesajiliwa hajapima kama moshi unarudi ndani. Feni yenye nguvu inaweza kuvuta hewa kupitia dohani, na kaboni monoksidi haina harufu. Chumba chenye jiko la kuni au makaa kisiwekewe feni ya kutolea hewa.

Paa na sakafu

Darini penye sufi juu ya dari, nafasi ya juu yake ni baridi kama nje. Mvuke unaopenya kupitia matundu ya taa, mabomba na mfuniko wa kupandia utageuka maji kwenye mbao. Kwanza ziba: weka mpira kuzunguka mfuniko, jaza mapengo ya nyaya na mabomba. Halafu pitisha hewa. Paa lenye mwinamo zaidi ya nyuzi 15 liwe na uwazi sawa na mm 10 kwa urefu wote wa ukingo, pande mbili zinazotazamana. Mwinamo wa nyuzi 15 au chini, mm 25. Sufi ikifuata mwinamo wa paa, acha mm 50 za hewa juu yake na toa uwazi wa mm 5 kwenye mgongo wa paa.

Sufi iliyosukumwa mpaka ukingoni ndiyo adui mkubwa hapa. Anayeongeza unene kutoka mm 100 hadi 270 anaziba ukingo wote kwa mchana mmoja, na kipupwe kinachofuata misumari ya paa inadondosha maji. Weka vipande vya plastiki vya kushikilia njia ya hewa kati ya kila kombamoyo kabla ya kutandaza.

Sakafu ya mbao iliyoinuliwa inapumua kupitia matofali ya matundu. Hati C inataka milimita za mraba 1,500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, au 500 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, yoyote itakayotoa uwazi mkubwa, na yawe kwenye kuta zinazotazamana. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina ukuta wa mita 28: 42,000 kwa hesabu ya kwanza, 24,000 kwa ya pili. Shika 42,000. Nafasi chini ya mbao isipungue mm 150. Bustani iliyoinuliwa, kibaraza kipya au majani makavu yakiziba matofali hayo, mbao zinaoza bila mtu wa juu kujua mpaka zinapoanza kubonyea.

Ukiweka kihami upande wa ndani wa ukuta wa nje, ukuta wenyewe nyuma yake unakuwa na baridi kuliko zamani. Karatasi ya kuzuia mvuke ikae upande wenye joto, maungio yake yapishane na kufungwa kwa tepu, na kihami kizunguke mpaka kwenye mashavu ya dirisha, yaani pande za ukuta zinazolizunguka kwa ndani. Ukiruka mashavu, kuvu yote ya chumba inahamia hapo.

Kupima na kukabidhi

Karatasi ya chooni inayonata kwenye feni inakuambia tu kwamba hewa inakwenda upande sahihi. Haikuambii ni kiasi gani. Tumia anemomita (kipima mwendo wa hewa) iliyorekebishwa, yenye kofia inayofunika feni yote. Funga madirisha na mlango wa chumba, acha matundu ya dirishani wazi, subiri feni ishike mwendo, kisha soma. Kama kofia yako ina mdomo wa sentimita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 0.04, lita 15 kwa sekunde ni mwendo wa mita 0.375 kwa sekunde.

Namba ikipungua, fungua mlango usome tena. Ikipanda sana, shida ni pa kuingilia: pengo la mlango au matundu. Isipobadilika, ng'oa kifuniko cha nje na usome mara ya tatu. Bado? Panda darini ukalitazame bomba. Kwa mpangilio huo unapata kosa bila kununua feni mpya.

Matokeo ya nyumba mpya yafike kwa mamlaka ya ukaguzi wa ujenzi ndani ya siku 5 baada ya kipimo cha mwisho.

Mpangaji asikubali kuambiwa kwamba kuvu inatokana na yeye kupika na kupumua. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale baada ya kuishi kwenye nyumba yenye kuvu, na sheria inayobeba jina lake ilianza kuwabana wenye nyumba za kijamii (za halmashauri na mashirika ya makazi) tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, hatari kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Piga picha zenye tarehe, weka haigromita (kipima unyevuanga) chumbani na uandike usomaji wa asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Daftari hilo lina uzito kuliko maneno.

Kuvu iliyopo isisuguliwe ikiwa kavu, vumbi lake linaruka na kutua kwingine. Vaa glavu na barakoa, futa kwa kitambaa chenye dawa ya kuua kuvu, usichanganye dawa ya klorini na siki wala amonia, na usipake rangi kabla ukuta haujakauka kabisa. Kisha angalia haigromita. Ikikaa chini ya asilimia 60 kipindi kirefu cha siku, na kurudi hapo ndani ya saa moja au mbili baada ya kuoga na kupika, njia ya hewa inafanya kazi. Unapokabidhi nyumba, mwonyeshe mkaaji kila tundu lilipo na swichi ya feni ni ipi, na uandike kwa kalamu pembeni ya taima dakika ulizoiwekea, ili anayekuja kuisafisha mwaka ujao airudishe palepale.